Fedha Iliyopakwa Rangi ya Mlango

"Nataka kitu ambacho mtu hawezi kunikopa," alisema Mama Pasi.

Sonara aliinua uso kutoka kwenye mkufu aliokuwa akiuunganisha. Yule mwanamke alipoingia na mfuko wa unga kwapani, alidhani amekuja kutafuta kazi, akawahi kumwambia, "Mama, wa kufagia tunaye." Mama Pasi hakukasirika. Alivuta pumzi, akasema amekuja kununua fedha, ile ya madini. Sasa sonara alikuwa na aibu usoni, akamsogezea kigoda cha wateja na kukifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

"Kukukopa vipi, mama?"

"Pesa zikiwa ndani, mtu akija akilia, mume wangu anazitoa. Mara ya kwanza zilikwenda kwenye paa la jirani. Mara ya pili alikuja mtu hata hatumjui, anasema mkewe yuko hospitali anajifungua. Mume wangu hajui kusema hapana, na uongo nao haujui. Nikiweka fedha ya madini, mtu akija ataambiwa hatuna hela ndani, na itakuwa kweli."

"Na benki?"

"Benki ana kadi. Namba ya siri ameiandika ukutani kwa penseli ili asiisahau."

Sonara alicheka, kisha akajizuia. Mama Pasi naye akacheka kidogo ili mwenzake asijisikie vibaya.

"Pesa zenyewe ni za nini, kama si siri?"

"Za macho yake. Ni mpaka rangi. Ana mtoto wa jicho, yote mawili. Tumepewa tarehe, baada ya miezi mitano. Siku hizi akipaka mlango anaacha mabaka kama ngozi ya ng'ombe, na watu wanamlipa nusu. Wengine hawamwiti tena."

Sonara akafungua kabati la chuma, akatoa kipande kilichotoshana na sabuni iliyotumika nusu. Akakiweka kwenye mizani. Nusu kilo. Akamwonyesha muhuri wa tisa tatu zilizofuatana, akamwambia hizo ndizo dalili za usafi wake. Kisha akasema jambo ambalo angeweza kulinyamazia.

"Sikiliza, mama. Bei ya kukuuzia na bei ya kununua kwako si moja. Ukitoka hapo mlangoni na kurudi sasa hivi, nitakupa pungufu."

"Yaani nitakuwa nimeshapata hasara kabla sijavuka barabara?"

"Ndiyo. Na bei inaweza kushuka. Inaweza kupanda pia, lakini hilo sikuahidi."

Mama Pasi alikitazama kile kipande kwa muda mrefu. Alikuwa ameambiwa mengi matamu na wauzaji wa vitu katika maisha yake, na karibu yote hayakuwa kweli. Huyu alikuwa wa kwanza kuanza na ubaya wa bidhaa yake.

"Wote wanaokuja hapa huuliza kama kitu kitauzika haraka," sonara alisema. "Wewe unataka kisiuzike."

"Kiuzike kwako tu, mimi nikiwa nimekaa hapa hapa."

Akafungua mfuko. Noti zilikuwa zimenyooka, bila kunyanzi hata moja, kwa sababu alifanya kazi ya kupiga pasi kwenye duka la kufulia nguo na kila noti ya akiba aliipitisha chini ya pasi kabla ya kuihifadhi. Sonara alisema hajawahi kupokea pesa nadhifu namna ile. Zilipungua kidogo. Akazihesabu mara ya pili, kisha akazitenga sarafu za mwisho na kumrudishia.

"Hizi za nauli," alisema. "Huwezi kutembea kwa miguu na kitu kama hicho."

*

"Hiki tu?" aliuliza mume wake, ambaye mtaani alijulikana kama Mzee Brashi. Alikuwa akikipapasa kile kipande na kukisogeza karibu na pua. "Miaka mitatu ya jasho, hiki tu?"

"Kishike vizuri."

"Kizito."

"Ndiyo hapo macho yako yalipo. Sasa tukifiche wapi?"

Mzee Brashi alifikiri. Alipenda kufikiri akiwa amefumba macho, kwani siku hizi kufumba na kufumbua hakukuwa na tofauti kubwa. Kisha akasema kwamba kitu kinachong'aa kinajitangaza chenyewe, na mwizi au mwombaji akikiona atajua ni nini. Lakini kisipong'aa? Chini ya benchi lake, kando ya makopo, kulikuwa na kipande cha chuma alichokandamizia vifuniko vya rangi, kimechuruzikiwa na rangi ya kijani ya milango hadi hakina sura. Nani angeiba kitu kile?

"Unataka kupaka rangi fedha?" mkewe aliuliza.

"Mikono miwili ya rangi. Hata wewe hutaitambua."

"Hilo ndilo linaloniogopesha."

"Mama, niachie na mimi nifanye jambo moja katika habari hii. Umenunua wewe, umebeba wewe. Nami nifiche."

Aliposema vile, Mama Pasi hakuweza kubishana. Alijua mume wake ana haya, ya kulishwa na pasi ya mkewe na kushikwa mkono akivuka barabara. Akamkabidhi. Mzee akapaka kwa uangalifu, akikipuliza kwa mdomo, akakilaza chini ya benchi kando ya mwenzake wa chuma. Chuma kilikuwa kirefu kidogo, lakini kwa uzito walikaribiana. Usiku ule Mama Pasi alilala usingizi ambao alikuwa ameusahau. Hata alipojigeuza, hakuamka.

Wakakaa hivyo zaidi ya miezi mitatu. Mtu mmoja alikuja kukopa, akaambiwa hakuna hela ndani, akaondoka. Usiku Mzee Brashi akasema, "Nimesema kweli, lakini mbona koo limenikauka?"

*

Fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele, upande wa pili wa uchochoro, alibisha hodi asubuhi moja Mama Pasi akiwa kazini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, anaishi peke yake, na cherehani yake ilikuwa imesimama. Meno ya gurudumu la ndani yalikuwa yamelika, na kipuri chake kiligharimu zaidi ya alichopata kwa miezi miwili. Sasa alishona kwa mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Cherehani imepona?"

"Bado. Nakata tu vitambaa, nishone taratibu. Ila upepo unaingia dirishani, kitambaa kinakimbia mezani kama kuku. Huna kitu chochote kizito cha kukandamizia?"

Mzee Brashi alifurahi kuombwa kitu alichokuwa nacho. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya benchi, vidole vikapita juu ya kopo, vikapita juu ya brashi iliyokauka, vikakutana na kipande cha kwanza. Kilikuwa na rangi, kilikuwa baridi, kilikuwa kizito. Alikumbuka vizuri kwamba chuma alikiweka upande wa kulia. Hakukumbuka kwamba siku tatu zilizopita mkewe alikuwa amefagia chini ya benchi.

"Chukua hiki."

"Nitakirudisha lini, baba?"

"Ah! Kaa nacho mpaka utakapochoka."

Fundi akakipokea kwa mikono miwili, mikono ikashuka kidogo kwa uzito, akashukuru. Na hivyo ndivyo kitu pekee kilichonunuliwa ili kisikopeshwe kilivyokopeshwa.

*

Barua ya hospitali ilisema malipo yatangulie. Mama Pasi aliomba ruhusa kazini, akapewa saa mbili kwa masharti ya kuzirudisha Jumapili. Mzee Brashi alikuwa amekifunga kile kipande kwa kitambaa, akakitia ndani ya mfuko uleule wa unga.

Sonara alimkumbuka. "Mama wa noti za pasi! Karibu, karibu." Dukani kulikuwa na wateja wengine, mama mmoja na binti yake waliokuja kuchagua bangili. Sonara akafungua kitambaa, akaona rangi ya kijani, akamtazama.

"Mume wangu ni mpaka rangi," Mama Pasi alisema, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu.

Sonara akatabasamu. Akachukua sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi, kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna. Sumaku ikaruka, ta! ikagandia.

Sonara akaibandua, akaisogeza tena. Ikagandia tena.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "fedha haishikwi na sumaku. Hiki ni chuma."

"Nilinunua kwako."

"Ulinunua kwangu fedha."

Yule mama wa bangili akamvuta binti yake karibu na kuukumbatia mkoba wake. Mama Pasi aliliona hilo. Angeweza kuvumilia kuitwa mfagiaji, lakini kuogopwa kama tapeli hakukuvumilika. Akashika ukingo wa meza ya kioo, akaacha alama za vidole, akaanza kuzifuta kwa ncha ya khanga yake huku akisema samahani, samahani.

Sonara akazunguka meza, akasimama kati yake na wale wateja ili wasimwone uso. "Mimi nakufahamu," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Huyu ni mteja wangu. Kuna kosa limetokea nyumbani, basi. Nenda ukaangalie vizuri, mama. Hata ukirudi wakati nafunga, nitafungua."

*

"Hiki ni cha makopo," alisema mkewe, akikiweka mapajani mwa mzee. "Kingine kiko wapi?"

Mzee Brashi alikipapasa. Akakipima kwa mkono wa kulia, akakihamishia wa kushoto. Uso wake ukabadilika polepole, kuanzia kwenye paji.

"Mama."

"Sema."

"Nimempa fundi. Akandamizie vitambaa."

"Lini?"

"Wiki sita sasa."

Mama Pasi alikuwa na maneno mengi tayari, ameyapanga njia nzima. Lakini mzee alikuwa amekaa na kile chuma mapajani kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake, na machozi yalikuwa yakitoka katika yale macho yenye ukungu, kwa vile hata macho mabovu yanajua kulia. Akaketi kando yake.

"Hata ukifungwa mikono utagawa kwa miguu," alisema hatimaye.

"Nilidhani ni cha kulia."

"Nilifagia. Kosa langu pia."

"Si kosa lako."

"Basi tusigombanie kosa kama vile ni zawadi. Niende nikamwambie fundi."

"Twende wote."

"Hapana. Wewe ukifika utamwambia akae nacho."

Alicheka bila kutaka, na mzee akacheka huku akifuta pua.

*

Fundi cherehani alikuwa ameinama juu ya meza, pini midomoni. Kile kipande cha kijani kilikuwa kwenye ncha ya kitambaa. Mama Pasi alikiona mara moja na moyo wake ukatulia, akafungua mdomo kusema, lakini fundi akamtangulia. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo, akaja na kumshika mikono.

"Mama, nilikuwa nasubiri uje. Nilishindwa kuja mwenyewe. Kila nikivaa viatu nije kushukuru, nalia, navua."

"Kushukuru nini, mwanangu?"

"Usijifanye." Akakigeuza kile kipande. Upande wa chini, pembeni, rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa ncha ya mkasi, na pale palikuwa na weupe uliong'aa. "Siku ya pili tu nilijua si chuma. Kizito mno kwa ukubwa wake. Nikakwangua, nikaona muhuri. Nikasema, huyu mzee! Ameona cherehani yangu imekufa, amejua siwezi kupokea msaada, akaupaka rangi ili nisione aibu. Kama alivyonipakia mlango akasema ni rangi iliyobaki, na kopo nililiona, lilikuwa jipya."

Mama Pasi akakosa pa kutazama. Akaitazama cherehani iliyofunikwa shuka, kama mgonjwa.

"Sijakiuza," fundi aliendelea. "Nilisema nikishindwa kabisa ndipo nikiuze. Lakini tangu kije humu ndani, nalala. Unajua nilikuwa silali? Sasa najua kipo, basi nalala. Nashona kwa mkono hata sioni uchungu."

Angekuwa mtu mwingine, Mama Pasi angesema haraka na kuondoka. Lakini alikumbuka usiku ule wa kwanza, alipojigeuza bila kuamka. Alikuwa akiomba arudishiwe usingizi wake, na usingizi huo sasa ulikuwa wa mwingine. Akavuta kiti, akaketi, akashika mkono wa fundi na hakuuachia hadi mwisho wa maneno yake.

"Mwanangu, nitakuambia jambo litakaloniuma kuliko wewe. Mzee hakuona. Alidhani anakupa chuma cha makopo. Hiki ni cha macho yake, na hospitali ni keshokutwa."

Fundi hakusogea. Kisha uso wake ukawaka, akanyofoa mkono, akakimbilia mezani, akakishika kile kipande, kitambaa kikateleza na kuanguka sakafuni.

"Chukua! Mungu wangu. Na mimi nimekikwangua. Nimesema maneno yote yale…"

"Maneno yako yalikuwa ya kweli. Mlango alikupakia, na kopo lilikuwa jipya. Nilinunua mimi hilo kopo."

"Niliwezaje kufikiri mtu atanipa…"

"Kwa sababu yeye angekupa. Angekuwa anaona, angekupa. Ndiyo maana tulinunua fedha, ili asiweze."

Fundi alikifunga kipande katika mabaki mazuri ya kitambaa chake, akamkabidhi bila kumtazama. Mama Pasi alipotoka alisikia komeo likifungwa nyuma yake, mchana kweupe.

*

Sonara alikuwa amefungua kama alivyoahidi. Alikifuta rangi, akakipima, akataja bei. Ilikuwa imeshuka kidogo, akaomba radhi kana kwamba ameishusha yeye. Mama Pasi alikaa kwenye kigoda, akifikiri.

"Daktari anafanya jicho moja kwanza," alisema. "La pili baada ya miezi mitatu. Unaweza kukata?"

"Naweza. Lakini wengi huuza chote, wakae na pesa mkononi."

"Wengi hawana mume kama wangu. Kata."

Sonara akatandika gazeti chini ya msumeno, na alipomaliza akazikusanya chembe zote kwa brashi laini, akazipima pamoja na nusu anayonunua, ili hata vumbi lake lilipwe.

Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji. Siku ya kufunguliwa bandeji Mzee Brashi aliangalia dari, akaangalia dirisha, kisha akamwangalia mkewe kwa muda mrefu hadi muuguzi akageuka pembeni.

"Nywele zako," alisema. "Zimekuwa nyeupe lini?"

"Ulipokuwa unagawa mali."

Njiani hakutaka kushikwa mkono, kisha akautaka tena, si kwa ajili ya barabara. Walipofika uchochoroni alisimama mbele ya mlango wa kijani wa fundi na kuona mabaka yake mwenyewe. Mlango ulikuwa umefungwa. Tangu siku ile fundi alipita njia ya nyuma akienda sokoni, na salamu zake zilikuwa za mbali.

"Anatukimbia," mzee alisema.

"Anajikimbia mwenyewe."

"Ile nusu iliyobaki umeificha wapi? Nataka kujua tu."

"Hutajua," alisema mkewe. "Sasa unaona, ndiyo hatari zaidi."

*

Jioni Mama Pasi alibisha hodi kwenye mlango ule, akabisha tena, akasema, "Najua upo, nasikia mkasi." Komeo likafunguliwa.

Hakusubiri kukaribishwa kiti. Akaweka mezani ile nusu, nyeupe, bila rangi, na alama za msumeno bado upande mmoja.

"Mama, hapana," fundi alisema na kurudi nyuma. "Sitaki kuhurumiwa."

"Nani kakuhurumia? Nimekuja kukupa kazi. Hiki ni cha jicho la pili. Kwangu hakikai, unamjua mzee wangu. Wewe ulikaa nacho wiki sita, unajua ni nini, cherehani imekufa, na hukukiuza. Nitampata wapi mtu mwingine wa namna hiyo?"

Fundi akauweka mkasi mezani, Mama Pasi akaendelea.

"Kitunze. Kandamizia vitambaa. Na ikitokea siku ya kushindwa kabisa, nenda kwa sonara, mwambie umetumwa na mama wa noti za pasi. Usije kuniuliza kwanza. Ukiniuliza nitaanza kuhesabu."

"Na jicho la baba?"

"Jicho moja linapaka mlango. Keshokutwa atakuja kuurudia wako, ameuona, ana aibu. Hilo la pili tutalifikia kwa namna yoyote."

Fundi alikitazama kile kipande. Akakiinua, akakilaza kwenye pembe ya kitambaa alichokuwa akikata, gauni la mtoto, la rangi ya samawati. Upepo ukaingia dirishani. Kipande kilikuwa kidogo sasa, uzito wake haukutosha meza nzima, na pembe ya pili ya kitambaa ikainuka.

Mama Pasi akavuta kiti. Akaiweka mikono yake miwili juu ya pembe ile, akainyoosha kutoka katikati kwenda nje kama alivyozoea kazini, mpaka kunyanzi zote zikaisha.

"Kata," alisema. "Nimeshika."